Roketi zimeshuka bei, mbona kiti cha kwenda angani kimepanda?

Aprili 2001, mfanyabiashara wa Kimarekani Dennis Tito alipanda chombo cha Kirusi cha Soyuz, akakaa takriban wiki moja kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, ISS, kisha akarudi duniani salama. Inasemekana alilipa kama dola milioni 20. Aprili 2022, wateja watatu wa kampuni ya Axiom Space walikwenda kituo hicho hicho kwa chombo cha Dragon cha kampuni nyingine, SpaceX, na bei iliyotajwa ilikuwa dola milioni 55 kwa kila mmoja. Hata ukiondoa mfumuko wa bei wa miaka 21, kiti kimepanda.

Wakati huo huo, gharama ya kurusha mzigo imeporomoka. Ukigawa gharama zote za vyombo vya Space Shuttle vya Marekani, kilo moja ilifika angani kwa zaidi ya dola 50,000. Kwa roketi ya Falcon 9 ya SpaceX, ukichukua bei inayotangazwa na kuigawa kwa mzigo wote inaoweza kubeba, unapata takriban dola 3,000 kwa kilo.

Roketi imekuwa rahisi, kiti kimekuwa ghali. Wanaotuahidi kwamba karibuni mtu wa kawaida atakata tiketi ya kwenda angani hutaja hesabu ya kilo na kuinyamazia ile ya kiti. Ukijua kwa nini hesabu hizi mbili haziendi pamoja, umeshaelewa sehemu kubwa ya kile kinachoitwa biashara ya safari za anga.

Fulani kaenda angani. Ipi?

Tuanze kwa kutenganisha safari mbili ambazo vichwa vya habari huzichanganya kila mara.

Ya kwanza ni ya kupanda na kushuka. Julai 20, 2021, Jeff Bezos alirushwa na roketi ya New Shepard ya kampuni yake, Blue Origin, akiwa na ndugu yake, rubani mkongwe Wally Funk mwenye umri wa miaka 82, na kijana wa Kiholanzi wa miaka 18, Oliver Daemen. Roketi iliwaka kwa dakika mbili na ushee, kapsuli yenye abiria ikajitenga na kuendelea kupanda kwa kasi iliyokwisha kupata, kama jiwe lililotupwa juu. Ikavuka kilomita 100, abiria wakafungua mikanda, wakaelea kwa dakika kama tatu, wakarudi vitini, na miavuli ikawateremsha jangwani Texas. Safari nzima ilikuwa ya dakika kumi na chache. Kiti kimoja kilikuwa kimepigwa mnada kwa dola milioni 28, na aliyekishinda hata hakuruka siku ile.

Siku tisa kabla, Richard Branson alikuwa amefanya safari ya aina hiyo kwa chombo cha kampuni yake, Virgin Galactic, kinachobebwa na ndege kubwa na kuachiwa hewani kabla ya kuwasha injini. Hicho kilipita kilomita 80 bila kufika 100, na ukazuka ubishi kama amefika angani kweli. Wamarekani huhesabu kuanzia 80, shirikisho la kimataifa la michezo ya anga linahesabu kuanzia 100. Kwa maoni yangu ubishi huo unahusu vyeti tu, maana hewa haina mstari.

Safari ya pili ni ya obiti, yaani kuizunguka dunia bila kuanguka, na hii ni kazi nyingine kabisa. Kubaki kwenye obiti ya ISS, kilomita 400 hivi juu yetu, kunataka mwendo wa karibu kilomita 28,000 kwa saa. Urefu si tatizo kubwa, kwani kilomita 400 ni pungufu ya mwendo wa siku moja kwa gari. Tatizo ni kasi. Nishati ya kuipa kilo moja kasi hiyo ni kama mara 30 ya ile ya kuipandisha hadi kilomita 100 na kuiacha ianguke. Na nishati yote hiyo inabidi itolewe tena wakati wa kurudi: chombo hupiga breki kwa kujisugua na hewa, na ngao ya joto ya Dragon hukutana na joto la karibu nyuzi 1,900 za Selsiasi.

Kwa hiyo tiketi ya Virgin Galactic iliyokuwa ikiuzwa dola 450,000 mwaka 2021 na ile ya Axiom ya dola milioni 55 hazipo kwenye ngazi moja, eti ya kwanza ikishuka itaivuta ya pili. Utalii wa dakika kumi unaweza kushamiri au kufa bila kuathiri kitu huko juu. Kuanzia hapa nazungumzia obiti na kuendelea, kwa sababu ndiko mustakabali unakogombewa.

Roketi inayorudi

Kilichoshusha gharama za roketi ni kitendo kimoja kinachofaa kutazamwa kwa karibu.

Falcon 9 ina hatua mbili. Ya chini, yenye injini tisa, ndiyo kubwa na ndiyo ghali. Kwenye roketi za zamani hatua hii hufanya kazi kwa dakika chache kisha hutupwa baharini. Falcon 9 nayo huiachia baada ya dakika mbili na nusu hivi, lakini hapo ndipo kazi yake ya pili inapoanza. Mipulizo midogo ya gesi huigeuza iangalie nyuma. Mapezi manne ya titani yenye matundu hufunguka juu yake ili kuiongoza. Injini tatu huwashwa tena ili kupunguza kasi kabla ya kuingia kwenye hewa nzito, la sivyo ingeharibika vibaya. Mwishoni injini moja tu ndiyo huwaka, miguu minne hukunjuka sekunde chache kabla ya kugusa, na mnara huo wenye urefu wa zaidi ya mita 40 husimama kwenye jukwaa linaloelea baharini au kwenye sakafu ya zege pwani. Yote haya huchukua dakika nane na nusu hivi tangu kuruka.

Mara ya kwanza kufanikiwa ilikuwa Desemba 2015. Machi 2017 hatua iliyokwisha kutumika ilirushwa tena kwa mara ya kwanza. Leo ziko zilizoruka zaidi ya mara 30. Hatua ya juu bado hutupwa kila safari, na kuikomboa hiyo pia ndiyo shabaha ya Starship, roketi nyingine ya SpaceX iliyo kubwa kuliko zote zilizowahi kujengwa. Oktoba 2024 hatua yake ya chini ilirudi ikadakwa na mikono ya mnara ule ule ulioirusha.

Haya ni mafanikio halisi na sioni sababu ya kuyapunguza. Lakini Falcon 9 inauzwa kama dola milioni 70 kwa safari. Gawanya kwa viti vinne vya Dragon, chombo kinachorushwa nayo: ni chini ya dola milioni 18 kwa kila mtu. Zilizobaki, hadi kufika 55, zinakwenda wapi?

Binadamu ni mzigo mgumu

Setilaiti haipumui. Ukimweka mtu ndani ya chombo, unahitaji hewa, maji, joto la kadiri, mfumo wa kumchomoa haraka roketi ikilipuka, miezi ya mafunzo, meli na madaktari wa kumpokea baharini, na chumba cha waongozaji kinachokesha. Ukimpeleka ISS, unalipia na malazi: orodha ya bei iliyotolewa na NASA mwaka 2019 ilikadiria dola 35,000 kwa mtu kwa usiku mmoja, na baadaye ikapandishwa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoshuka bei kwa sababu hatua ya kwanza ya roketi imejifunza kurudi nyumbani.

Halafu kuna uhaba. SpaceX imejenga Dragon tano tu za kubeba watu. Soyuz ina viti vitatu, na kimoja ni cha kamanda. Mshindani aliyetarajiwa, Starliner ya Boeing, aliruka na wanaanga wawili Juni 2024 kwa safari iliyopangwa kuwa ya siku nane hivi. Heliamu ikavuja, injini ndogo za kuelekeza chombo zikaleta hitilafu, NASA ikaamua chombo kirudi kitupu. Butch Wilmore na Suni Williams wakarudi Machi 2025, kwa Dragon.

Ushahidi bora wa nguvu ya uhaba ni Soyuz yenyewe. Marekani ilipostaafisha Space Shuttle Julai 2011, Urusi ikabaki muuzaji pekee wa viti vya kwenda ISS. Roketi ilikuwa ya ukoo ule ule, teknolojia ile ile, lakini kufikia 2020 NASA ililipa takriban dola milioni 90 kwa kiti kimoja. Bei ya kiti haifuati gharama ya chuma na mafuta. Inafuata ni nani mwingine anayeweza kukufikisha.

Mnunuzi ni nani?

Neno biashara limetufanya tufikirie matajiri wenye kamera. Wapo, lakini ukifuata fedha utafika mlango wa serikali.

Kilichobadilika zaidi ni namna ya kuandika mkataba. Zamani NASA ilimwagiza mkandarasi chombo, ikamrudishia gharama zote na kumwongezea faida juu yake. Mkandarasi hakuwa na sababu ya kubana matumizi. Mwaka 2014 NASA ilifanya vingine: ikatoa kandarasi za bei maalumu, yaani isiyoongezeka, dola bilioni 4.2 kwa Boeing na bilioni 2.6 kwa SpaceX, ili kila kampuni ijenge chombo chake, ikimiliki, na kuiuzia serikali safari. Kikizidi gharama, hasara ni yako. Mei 2020 SpaceX ilipeleka wanaanga wawili ISS. Boeing, hadi mwaka 2025, ilikuwa imeandika hasara ya zaidi ya dola bilioni 2 kwa mradi wa Starliner.

Huo ndio ubinafsishaji halisi: serikali imeacha kuwa mmiliki, ikawa mteja. Uhuru wa kampuni kuuza viti vilivyobaki kwa wengine ulikuja kama nyongeza. Na tazama wateja hao wengine walivyobadilika. Safari ya kwanza ya Axiom ilikuwa ya matajiri. Ya pili, Mei 2023, ilibeba wanaanga wawili wa Saudi Arabia. Ya tatu, Januari 2024, ikawa na Mwitaliano, Mturuki na Mswidi. Ya nne, Juni 2025, ikawapeleka wanaanga wa India, Poland na Hungary. Ndani ya miaka mitatu watalii wamegeuka wajumbe wa mataifa.

Hapa ndipo ninapoliona soko lenye miguu. Nchi isiyo na roketi ya kubeba watu sasa inaweza kununua safari ya wiki mbili, ikapata mwanaanga wake, majaribio yake ya sayansi na picha za bendera yake. Kwa mtu mmoja, dola milioni 55 ni nyingi mno. Kwa bajeti ya taifa la kadiri, ni mradi wa kawaida. Ila mataifa kama hayo hayanunui kila mwaka, na wengi wakishapata mwanaanga wao wa kwanza hamu hupoa.

Tajiri binafsi hajatoweka. Jared Isaacman alilipia safari ya Inspiration4, Septemba 2021, ambapo raia wanne wasio wanaanga wa serikali walizunguka dunia kwa siku tatu. Septemba 2024 akarudi na safari ya Polaris Dawn, iliyopanda hadi kilomita 1,400, na yeye na mhandisi Sarah Gillis wakatoka nje ya chombo wakiwa na mavazi mapya ya SpaceX. Ilikuwa mara ya kwanza kwa safari ya binafsi kufanya hivyo. Lakini soko linalotegemea hamu ya mtu mmoja mmoja lina tabia ya kukatika ghafla: Mjapani Yusaku Maezawa alitangaza mwaka 2018 kwamba atawachukua wasanii kuuzunguka mwezi kwa Starship, na Juni 2024 akafuta mradi wote.

Mwezi na Mirihi, kwa kifupi

Mwezini mnunuzi ni serikali peke yake, na hakuna anayejifanya vingine. Mkaguzi mkuu wa NASA alikadiria mwaka 2022 kwamba kila safari ya mwanzo ya roketi ya SLS na kapsuli ya Orion ingegharimu dola bilioni 4.1. Vyombo vya kutua vimetolewa kwa kandarasi za bei maalumu: SpaceX dola bilioni 2.89 mwaka 2021, Blue Origin bilioni 3.4 mwaka 2023. China inaelekea huko kwa njia yake ya kiserikali, ikilenga kufikisha watu kabla ya 2030, jambo linalotukumbusha kwamba biashara si njia pekee.

Mirihi inapendwa sana na wenye hotuba. Nafasi nzuri ya kuondoka huja kila baada ya miezi 26, kwenda tu ni miezi sita hadi tisa, na mionzi ya safari ya kwenda na kurudi, kwa vipimo vya Curiosity, chombo kisicho na mtu kilichotumwa huko, inakaribia kiwango cha maisha yote ambacho NASA humruhusu mwanaanga. Huko juu mifupa hupoteza asilimia moja au zaidi ya uzito wake kwa mwezi, ndiyo maana wakazi wa ISS hufanya mazoezi kama saa mbili kwa siku. Hayo yote huenda yakatatuliwa. Nisichokiona ni mteja: hakuna anayejua ni nini kitauzwa kutoka Mirihi.

Anayekufa ni nani, anayewajibika ni nani

Space Shuttle iliruka mara 135, ikapoteza vyombo viwili, Challenger mwaka 1986 na Columbia mwaka 2003, na watu 14. Hakuna shirika la ndege lingeruhusiwa kuruka kwa rekodi hiyo hata wiki moja. Wataalamu wanakubali kwamba vyombo vya sasa ni salama zaidi, lakini havijaruka vya kutosha kulithibitisha kwa takwimu.

Sheria nayo inashangaza. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unaibebesha nchi dhamana ya kila kinachofanywa angani na kampuni zake, na mkataba wa 1972 unaifanya nchi iliyorusha iwajibike kwa madhara. Yaani kampuni ikikosea, serikali ndiyo huitwa mezani. Lakini ndani ya Marekani, Bunge liliamua mwaka 2004 kwamba mamlaka ya usafiri wa anga isiweke kanuni za usalama kwa ajili ya abiria hao, ili biashara changa isinyongwe mapema. Katazo hilo limerefushwa mara kadhaa, sasa hadi Januari 1, 2028. Mamlaka inawalinda walioko ardhini. Aliyepanda anasaini karatasi kwamba ameelezwa hatari na amekubali. Kisheria hata haitwi abiria, anaitwa mshiriki.

Na hatari nyingine haitoki kwenye chombo chenyewe. Novemba 2025 wanaanga watatu wa China walicheleweshwa kurudi baada ya dirisha la kapsuli yao kukutwa na ufa uliodhaniwa kuwa umesababishwa na kipande cha taka za angani, wakarudi kwa chombo kingine. Kadiri obiti inavyojaa, ndivyo kila kiti kitakavyohitaji chombo cha akiba kando yake, na chombo cha akiba ni gharama.

Baada ya ISS

Yote niliyoeleza yanategemea kuwepo kwa mahali pa kwenda. Ndege za mwanzo zilikua haraka kwa sababu zilibeba barua na watu waliokuwa tayari na shughuli kule zilikokwenda. Angani hakuna aliyekuwa akisubiri upande wa pili. Kwa miaka zaidi ya 20 mahali hapo pamekuwa ISS, inayokaliwa mfululizo tangu Novemba 2000, na inatarajiwa kufungwa karibu 2030. SpaceX imepewa mkataba wa hadi dola milioni 843 wa kujenga chombo cha kuisukuma ikaanguke baharini.

Mpango wa NASA ni kuacha kuwa mwenye nyumba na kuwa mpangaji. Kuendesha ISS kunaila kama dola bilioni 3 kwa mwaka, ikijumlishwa na usafiri. Badala yake kampuni zitajenga vituo vyao, yenyewe ikodi vyumba. Axiom, Starlab, Blue Origin na Vast ni miongoni mwa waliojitokeza. Tatizo ni wapangaji wengine. Kwa miaka mingi tumeambiwa viwanda vya angani vitajaza vyumba hivyo: nyuzi safi za kioo, fuwele za dawa, tishu za mwili. Baadhi vinafanya kazi kweli. Februari 2024 kapsuli ya kampuni ya Varda ilitua Utah ikiwa na fuwele za ritonavir, dawa inayotumika kutibu virusi vya UKIMWI, zilizokuzwa kwenye obiti. Ila kapsuli hiyo haikuwa na mtu ndani. Ndivyo ilivyo kwa karibu kila kinachoingiza fedha huko juu: setilaiti za mawasiliano, picha za ardhi, intaneti ya Starlink inayoipa SpaceX sehemu kubwa ya mapato yake. Faida ya anga imekua kwa kumwacha binadamu chini.

Mpangaji mkuu mwenyewe ameanza kupunguza oda. Mwanzoni NASA ilitaka vituo vinavyokaliwa mwaka mzima, kama ISS. Mwaka 2025 ililegeza sharti hilo: kwa kuanzia, kituo kinachoweza kuwapokea watu wanne kwa mwezi mmoja kinatosha. Hiyo inarahisisha ujenzi na kupunguza uwezekano wa kubaki bila kituo chochote. Inamaanisha pia kwamba kati ya ziara na ziara taa zinaweza kuzimwa, na ISS ikishaanguka, mahali pekee penye uhakika wa kuwa na watu angani kila siku patakuwa Tiangong, kituo cha serikali ya China.